Gari la Marehemu Baba: Neema Tuliyoikalia Bila Kuijua



Kila Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, kuna mlango mmoja nyumbani kwetu Adu ambao hulia. Si mlango wa chumba wala wa ua. Ni mlango wa nyuma, upande wa kushoto, wa Probox nyeupe iliyoegeshwa chini ya mwarobaini. Hulia mlio mrefu, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Majirani wameuzoea. Wakiusikia hujua kwamba leo tunakwenda Malindi, na haupiti muda kabla mtoto wa nyumba ya pili hajatufikia mbio, mkononi ana pesa zilizofungwa kwenye karatasi na orodha ya vitu alivyotumwa na mamake.

Sisi ni ndugu wawili wa kike tunaoishi na mama yetu. Mmoja hushona, mmoja husomesha madrasa. Gari hilo lilikuwa la marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Leo tumeona tuwasimulie wasomaji wetu jinsi lilivyokaribia kuuzwa, jinsi lilivyobaki, na jinsi tulivyojifunza, tena kwa kuchelewa, kulifurahia. Tunaandika kwa kuwa tunajua kwamba nyumba nyingi za pwani zina gari la namna hii mlangoni: si jipya, limekwisha kulipiwa, linafanya kazi yake bila kusifiwa, na wenyewe huliombea radhi mbele ya wageni.

Fungu la kila mmoja

Baba alilinunua mwaka 2014, likiwa limetoka Japani na kushushwa bandari ya Mombasa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka minane. Hili letu ni la mwaka 2007, basi liliingia likiwa na nafasi finyu. Toyota walianza kuunda Probox mwaka 2002, na hawakuliunda kwa ajili ya fahari. Lilikuwa gari la kazi, la kupeleka bidhaa na kurudi, lenye mgongo mpana na viti vya kawaida. Huku kwetu limepata sifa nyingine kabisa: ukilitaja tu, watu hufikiria miraa inayokimbizwa sokoni kabla haijanyauka. Baba hakuyajali hayo. Alilipakia mahindi na korosho, akatupeleka sisi hospitali na shule, na kila Ijumaa akawachukua wazee wanne wasiojiweza hadi mlango wa msikiti.

Alipofariki, tulifuata mpango ambao dini imetuwekea: maziko, kisha madeni, kisha wasia, ndipo mirathi. Ilipofika zamu ya gari, fundi alilikadiria kuwa la shilingi 320,000. Mjane mwenye watoto hupata thumuni, basi fungu la Mama likawa shilingi 40,000. Zilizobaki, 280,000, zikagawanywa baina ya watoto, wa kiume akipata mafungu mawili ya wa kike: kaka yetu 140,000, na kila mmoja wetu 70,000.

Kaka anaishi Mombasa, ana mke, watoto na kodi ya nyumba. Alitaka liuzwe ili kila mtu achukue chake. Hakukosea, haki ya mtu haiombewi msamaha. Lakini palikuwa na jamaa wengine waliokuja na shauri la pili: liuzwe, tuongeze mkopo, tununue gari la juu, lenye vioo vyeusi, linalolingana na jina la marehemu. Waliutaja mkopo huo kwa wepesi, na riba yake wakaitaja kwa sauti ya chini.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja: "Na siku wenye deni watakapolichukua hilo gari la juu, nani atakayetupeleka Malindi?"

Hakuna aliyejibu. Tulikubaliana kwamba sisi wawili tutalinunua fungu la kaka kwa shilingi 10,000 kila mwezi, miezi kumi na minne, bila ya ziada hata senti moja. Tuliandikiana mbele ya mashahidi, kama Qur'ani inavyotufundisha katika aya ya deni, ndani ya Surat Al-Baqara. Mama alituachia fungu lake tulitumie kwa sharti moja, kwamba wale wazee wanne wasikose kupelekwa msikitini.

Usiku ule, wageni walipoondoka, tulitazamana tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Tulikuwa tumenunua gari, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuliendesha.

Usukani na buibui

Katika pwani yetu hakuna sheria iliyomzuia mwanamke kuendesha gari. Ndugu zetu wa Saudi Arabia walingoja mpaka tarehe 24 Juni 2018 ndipo marufuku ilipoondolewa kwao. Kilichotuzuia sisi kilikuwa haya na mazoea: Baba alikuwapo, basi kwa nini tujisumbue? Walipotokea wa kunong'ona kwamba binti za marehemu wanataka kujionyesha, Mama alisema kwamba wanawake wa zama za Mtume (S.A.W.) walipanda ngamia na kusafiri, wala ngamia si mnyama mpole.

Tulijifunza Malindi, kwa zamu, tukapata leseni. Lakini leseni si ushujaa. Miezi ya mwanzo tuliendesha gari kama watu walio katika mtihani usiokwisha. Mikono ilitoka jasho juu ya usukani, na lori likitutokea mbele tulishika pumzi mpaka litupite. Mara mbili pindo la buibui lilibanwa na mlango, na mara moja, hili lilitutisha zaidi, lilijisokota karibu na breki. Tangu siku hiyo tuna kanuni ambayo tunawausia kina mama na dada wote: kabla ya kuwasha injini, kusanya pindo, likalie vizuri, na uvae kiatu cha bapa kilichoshika mguu. Kandambili iache nyumbani.

Raha haikuwapo. Tulifika tulikokwenda, tukamshukuru Mungu kwa kufika, basi. Tukiona magari mapya yanatupita kwa kasi karibu na Mambrui, tulijiona wanyonge. Kuna kijana aliyewahi kutuuliza, mbele za watu, kama mkweche wetu unauzwa kwa kilo. Tulicheka naye, lakini neno lile lilikaa kifuani siku nyingi.

Daftari kwenye droo

Kilichotugeuza ni daftari. Lilikuwa katika droo ya deshibodi, daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake, limefungwa kwa mpira. Tulidhani ni hesabu za korosho. Kumbe Baba alikuwa ameliandika gari lake lote humo: tarehe, kilomita, oili iliyomwagwa na iliyotiwa, tairi lililobadilishwa na mahali lilipokuwa, bei ya kila kitu, na pembeni maneno machache ya kujikumbusha.

Tuliposoma, tulianza kusikia. Ule mgongano mdogo upande wa mbele kila tunapoliruka tuta, uliokuwa ukitunyima amani, ulikuwa umeandikwa: mpira fulani wa chini umechakaa, fundi ameuona, ubadilishwe kabla ya mvua za masika. Tukaenda kwa fundi tukiwa na jina la kitu, si na hofu tu. Akatutazama kwa heshima mpya, akaubadilisha, na gari likanyamaza.

Kwa daftari hilo tulijifunza kumwaga oili kila kilomita 5,000, kwa sababu vumbi la njia zetu halina huruma na injini. Tulijifunza kupima upepo wa matairi asubuhi, yakiwa baridi, kwa kuwa tairi lililokwisha kukimbia huonyesha upepo zaidi ya ule lililo nao. Tulijifunza kutofungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, maana maji yale huruka na kuunguza uso. Na tulijifunza jambo ambalo mtu wa bara huenda asilijue: hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula bati kutoka chini, mahali pasipoonekana. Baba aliandika kwamba kila anaporudi kutoka ukanda wa Gongoni na Malindi hulisafisha gari tumboni kwa maji baridi ya kisima, na mara moja kwa mwaka hukagua kutu na kuipaka rangi. Wengi huosha juu ili wasifiwe. Yeye alianza chini.

Kumjua mtu huanza kwa kujua kinachomuuma, na gari nalo tuliliona ni vivyo hivyo. Baada ya miezi michache tulijua sauti yake ya asubuhi ya baridi, harufu yake likiwa limechoka, na namna usukani unavyovuta kidogo kushoto upepo wa tairi unapopungua. Hofu ilipungua kwa kadiri ujuzi ulivyozidi, na penye nafasi ya hofu pakaingia kitu kingine.

Njia tuliyoipita bila kuiona

Njia ya kutoka Adu kwenda Malindi tumeipita tangu utotoni, tukiwa viti vya nyuma, tumelaliana. Hatukuwahi kuiona. Mwenye kushika usukani hana budi kutazama, na katika kutazama ndimo tulimofunguliwa macho.

Kwanza ni vumbi na mbuzi. Mbuzi wa kwetu hawaogopi honi, basi tumejifunza kusimama na kungoja, na hapo tukakumbuka wasia wa Luqman kwa mwanawe, kwamba asitembee katika ardhi kwa maringo na ateremshe sauti yake. Kisha tunashika lami iendayo kusini. Gongoni mashamba ya chumvi hung'aa jua linapopanda, meupe kama kanzu zilizoanikwa. Mambrui kuna lile kaburi la kale la mnara, lililopambwa kwa vyombo vya Kichina, ushahidi kwamba wazee wetu walijua dunia kabla ya lami. Katika vituo vyote vya biashara tunashuka hadi kilomita 50 kwa saa kama sheria inavyotaka, na ni katika mwendo huo ndipo mtu humwona muuza muwa, humsalimu mwanafunzi wake, na huona mto wa maji uliochimbwa na mvua ya jana pembezoni mwa barabara kabla haujamla tairi.

Halafu daraja la Sabaki. Mto huu ndio Athi wa bara, ambao ukipita Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Siku hizi tukivuka hutazama rangi ya maji. Yakiwa mekundu mazito, tunajua bara kumenyesha, ingawa kwetu mbingu ni kavu, na kwamba bahari ya Malindi itakuwa imechafuka. Mama hupenda kutangaza habari hiyo kana kwamba amepigiwa simu.

Siku tuliyojua kwamba tunafurahi tunaikumbuka. Ilikuwa baada ya alasiri, tunarudi. Nyuma kulikuwa na magunia mawili ya unga, mafuta ya taa ya jirani, na vitambaa vya kushonea sare. Tulikuwa tumenyamaza muda mrefu, na mmoja wetu akagundua kwamba kimya kile hakikuwa cha woga. Alitazama kioo cha ndani, kisha akasema polepole, "Mama amelala."

Tangu Baba alipofariki, Mama hakuwahi kufumba jicho ndani ya gari. Kila safari alikaa wima, ameshika mpini wa mlango, midomo inatembea kwa dhikri. Siku ile kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo, mtandio umemwangukia begani. Tulipunguza mwendo zaidi, tukawasha taa mapema, tukaenda tukiyakwepa mashimo kama watu waliobeba mayai. Hakuna gari jipya ambalo lingeweza kutupa kile tulichokipata katika kilomita zile.

Upya si kipimo

Wanaopenda habari za magari wanamkumbuka Joginder Singh, Mkenya aliyezaliwa Kericho, aliyeshinda mashindano ya Safari Rally mara tatu: mwaka 1965, 1974 na 1976. Ushindi wake wa kwanza, akiwa na ndugu yake, aliupata kwa Volvo iliyokwisha kutumika, iliyokimbizwa kabla yake na watu wengine. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na gari lake alilijua. Sisi hatushindani na mtu wala hatuwahimizi vijana wakimbize magari; barabara zetu zimekwisha kutuzika watu wa kutosha. Tunachokitaja ni kile kilichotangulia mbio: mtu na chombo chake wakijuana.

Wala hatusemi kwamba kupenda chombo kizuri ni dhambi. Katika Surat An-Nahl Mwenyezi Mungu anawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vya kupanda na pia ni pambo, na anatukumbusha kwamba anaumba tusivyovijua. Pambo lina nafasi yake. Ila pambo lililonunuliwa kwa riba humpanda mwenyewe, badala ya mwenyewe kulipanda. Na furaha inayohitaji jirani atazame ndipo ikamilike haidumu, kwa kuwa jirani naye atanunua.

Fungu lisiloandikwa

Usiku mmoja wa masika, saa saba, mlango wetu uligongwa. Mke wa jirani alikuwa amepatwa na uchungu kabla ya siku zake. Mvua ilikuwa inanyesha, na njia imegeuka matope. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Mama. Mmoja akashika usukani, mwingine akatembea mbele na tochi mahali palipofurika, akipima kina kwa fimbo. Kila tulichojifunza katika daftari kilikuwa chini yetu usiku ule: matairi yenye meno, taa zinazowaka, breki zinazoshika. Tulifika Malindi kabla ya alfajiri, na mtoto, msichana, alizaliwa salama kabla hatujamaliza kusali.

Tuliporudi, tukiwa tumelowa na kuchoka, tulielewa sharti la Mama kuhusu wazee wa Ijumaa. Mafungu ya mirathi yaliandikwa na kukamilika. Lakini gari katika kijiji lina fungu jingine lisiloandikwa, nalo ni la jirani. Kulitoa fungu hilo hakukupunguza raha yetu. Sehemu kubwa ya raha yenyewe imo humo.

Tunawausia nini

Kwa familia zenye gari, hata liwe la zamani namna gani, tunausia machache. Msianze safari bila ya dua ya kupanda chombo, ile iliyomo Surat Az-Zukhruf, kwani inatukumbusha kwamba hatukuwa na uwezo wa kukitiisha chombo hiki, na kwamba marejeo yetu ni kwa Mola wetu. Nunueni daftari, mwandike. Wafundisheni mabinti kama mnavyowafundisha wavulana, angalau kubadilisha tairi na kupima oili, kwa maana msiba haumngojei mwanamume arudi. Ondokeni mapema, hasa Ramadhani jioni, kwa kuwa futari iliyochelewa ni bora kuliko nyumba iliyofiwa. Ukiona jiwe au mti ulioanguka njiani, simama mahali salama uuondoe, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Na mara moja moja zimeni redio, msikilize gari na njia.

Idi ya mwaka huu kaka alikuja na watoto wake. Fungu lake lilikwisha kulipwa, na karatasi yetu ya deni aliichana mwenyewe mbele ya mashahidi wale wale. Alizunguka gari, akapiga boneti kwa kiganja kama Baba alivyokuwa akifanya, akaufungua mlango wa nyuma wa kushoto. Ukalia. Akacheka, akaingia ndani na kurudi na kikopo cha mafuta ya cherehani, akasema, "Mlango huu ulinikera tangu zamani. Leo nautibu."

Tulimpa daftari, tukamfungulia ukurasa. Kwa mwandiko wa Baba palikuwa pameandikwa: mlango wa nyuma kushoto, usitiwe mafuta, acha ulie, nisikie watoto wakiufungua.

Kaka alisoma mara mbili. Alikiweka kikopo chini, akawaita wanawe waingie kwa mlango ule ule, mmoja mmoja. Kisha akatuomba ufunguo, naye akawapeleka wale wazee wa Baba kwenye sala ya Idi. Waliobaki ni watatu sasa. Mmoja ametangulia mbele ya haki.

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na baba yetu, na avijaalie vyombo vyetu viwe vya kheri. Wabillahi tawfiq.